Pepo na Kiti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu aina yetu mpya ya zimwi

Ukurasa huu ni wa wanaocheza Yu-Gi-Oh!, mchezo wa kadi za mazimwi, nasi barazani Kibokoni, Mombasa, Ijumaa baada ya Isha, na wa yeyote aliyeiona kanuni ya Pepo kwa mwenzake akataka kuitumia nyumbani. Tulianza na mistari mitatu nyuma ya risiti. Mistari ile ikazaa ugomvi wa miezi, na majibu ya ugomvi huo ndiyo haya. Kama hujawahi kucheza kabisa, anza na kadi za dukani. Hapa nachukulia unajua zamu inavyokwenda, kaburi ni lipi na deki ya ziada ni ipi.

Pepo ni ukoo au ni aina?

Aina. Wengi wanaoniletea mazimwi yao ya kubuni hawajajiuliza swali hili, ndiyo maana nimeliweka mbele.

Ukoo ni lile neno linaloandikwa juu ya maelezo ya kadi: Joka, Shujaa, Mchawi, Samaki. Peke yake halifanyi kitu. Konami, kampuni inayotoa kadi hizi, waliongeza ukoo wa Psychic mwaka 2008, Wyrm 2014, Cyberse 2017 na Illusion 2023, na hakuna aliyelazimika kujifunza upya kucheza. Hata ile tabia ya mazimwi mengi ya Illusion, kupigana bila kuua wala kuuawa, imeandikwa kwenye kadi moja moja. Haimo katika kitabu cha kanuni.

Aina ni mzigo mwingine. Synchro ilikuja 2008, Xyz 2011, Pendulum 2014, Link 2017, na kila moja ilikuja na njia yake ya kuingia uwanjani, sura yake ya kadi na kurasa zake za kanuni. Hiyo Link ndiyo iliyotufunza adabu. Ilipoingia, mazimwi ya deki ya ziada, hata yale ya zamani, yalibanwa: ama yaingie kwenye nafasi maalumu ya katikati, ama pale mshale wa Link unapoelekeza. Mtu mwenye deki yake ya Synchro aliyoilea miaka akajikuta anatafuta kadi za Link ili tu acheze kama alivyokuwa akicheza juzi. Tarehe 1 Aprili 2020 Konami wakalegeza, Fusion (aina ya zamani zaidi), Synchro na Xyz zikarudi kuitwa kwenye nafasi za kawaida. Ikiwa kampuni yenye watu wanaolipwa kutunga kanuni ilichukua miaka mitatu, sisi wa barazani tusione haya kwenda polepole.

Kwa hiyo ukitaka jeshi la mazimwi lenye sura moja na tabia moja, buni ukoo, utamaliza jioni moja. Aina ibuni pale tu kitu unachokitaka hakiwezekani kwa kuandika kwenye kadi yenyewe.

Na kanuni ya Pepo inasemaje?

Ilivyo leo ni hivi:

*Pepo hukaa katika deki ya ziada. Mara moja katika zamu yako, kwenye awamu kuu, waweza kuchagua zimwi lako moja lililo wazi uwanjani. Zimwi hilo huwa kiti. Weka Pepo juu ya kiti. Huu ni wito maalumu. Pepo hurithi nyota na mkao wa kiti. Kiti kilichopandwa si kadi ya uwanjani na athari zake hazifanyi kazi. Pepo likitakiwa kuondoka uwanjani kwa sababu yoyote, hupungwa badala yake: liweke wazi katika deki ya ziada, na kiti hubaki pale pale katika mkao wa ulinzi. Pepo lililopungwa halipandi tena katika pambano hilo. Pepo halitolewi kafara wala halitumiwi kuitia zimwi jingine.*

Basi. Yote yaliyobaki katika ukurasa huu ni kueleza kwa nini kila sentensi imo. Hakuna hata moja iliyowekwa kwa urembo, na zile mbili za mwisho zilinunuliwa kwa bei ghali.

Kwa nini "kiti"?

Kwa sababu ndivyo tunavyosema. Aliyepandwa na pepo huitwa kiti, na pepo hupungwa likatoka. Lugha ilikuwa imeshatunga nusu ya kanuni kabla sisi hatujakaa chini.

Kupandisha Pepo ni kuliita, au ni kuliweka tu?

Ni wito maalumu. Mwanzoni hatukusema lolote, na huko kunyamaza ndiko kulikotuponza.

Kama kupanda si wito, mitego yote inayongoja wito inalala usingizi. Torrential Tribute haifunguki, Bottomless Trap Hole haifunguki, Solemn Judgment haina la kuzuia. Umeleta zimwi lisilogusika mlangoni, na mwenzako aliyeweka mitego hiyo kwa busara zake umemdhulumu. Hivyo tukaandika "wito maalumu", kama ilivyo kwa Xyz, ambayo nayo huwekwa juu ya kadi nyingine, na kadi zote za zamani zikajua la kufanya. Ukibuni aina yako, fanya hivyo hivyo: shika neno ambalo mchezo tayari unalo. Kila neno jipya unaloleta ni neno ambalo kadi zilizokwisha chapwa hazilijui.

Sasa mifano miwili ambayo huulizwa kila mara.

Nimepandisha Pepo, mpinzani akafungua Torrential Tribute, inayoangamiza mazimwi yote uwanjani. Pepo limeshafika, kwa hiyo linapungwa. Kiti wakati ule hakikuwa kadi ya uwanjani, kwa hiyo hakikuangamizwa. Kinabaki katika ulinzi. Ndiyo, kiti kinapona dhoruba iliyozoa kila kitu. Kuna wenzetu wanaosema ni upendeleo. Mimi nasema ndiyo raha ya Pepo, na tumelipunguza nguvu kwa ajili hiyo hiyo (tazama chini).

Nimepandisha Pepo, mpinzani akatoa nusu ya pointi zake za uhai kwa Solemn Judgment, akauzuia wito wenyewe. Hapa Pepo halijafika. Mlango halijauvuka, kwa hiyo haliwezi "kuondoka uwanjani", kwa hiyo halipungwi. Linakwenda kaburini moja kwa moja. Kwa Xyz, wito ukizuiwa hata kadi zilizowekwa chini huenda kaburini. Sisi tuliamua kiti kibaki, maana mwenye kiti ameshapoteza Pepo na hakuna sababu ya kumvua na kanzu.

Kiti kilicho chini kinahesabika kuwa uwanjani au la?

La. Tumeiga Xyz: kadi zilizo chini ya zimwi la Xyz hazihesabiki kuwa uwanjani.

Lakini Xyz hazina nyota, zina daraja, na Pepo letu lina nyota za kiti. Mwenzetu mmoja wa Likoni, aliyekuwa ameshachelewa kivuko na hana haraka tena, alituuliza: "Kiti mwasema hakipo uwanjani. Basi hizo nyota Pepo lazitoa wapi, kwa kitu kisichokuwapo?" Tukabaki kutazamana. Jibu likapatikana katika neno moja: *hurithi*. Pepo linazichukua nyota wakati linapanda, kama mtu anavyorithi shamba. Haliendi kumuuliza marehemu kila asubuhi kama shamba bado ni lake. Baada ya hapo hesabu ya nyota ni ya Pepo lenyewe.

Na Pepo likipungwa, kiti kinaporudi kuonekana hakijaitwa. Kilikuwapo mahali pake, kimefunuliwa tu. Athari za "likiitwa" hazifanyi kazi.

Kwa nini Pepo lisiwe bila nyota tu, kama Link?

Kwa sababu kutokuwa na nyota si sawa na kuwa na nyota sifuri, na watoto wetu wa miaka kumi hawalielewi hilo mpaka umewaeleza mara saba. Kadi inayosema "zimwi la nyota 4 au chini yake" hailigusi zimwi la Link, wala la Xyz, kwa kuwa hakuna kinachohesabiwa. Aina ya tatu ya namna hiyo ingekuwa kujitafutia makelele.

Book of Moon, kadi inayogeuza zimwi uso chini, ikilifunika Pepo?

Linapungwa. Halifunikwi. Tulijaribu kuliruhusu lifunikwe, tukapata kadi moja uso chini imelala juu ya kadi nyingine uso juu, na upepo wa kusi ukamaliza kazi.

Pepo juu ya Pepo?

Hapana.

Tokeni yaweza kuwa kiti?

Hapana, kama isivyoweza kuwekwa chini ya Xyz. Tokeni si kadi.

Mpinzani akichukua zimwi langu lililopandwa?

Anakwenda nalo na kiti chake. Likipungwa likiwa kwake, Pepo linarudi kwenye deki ya ziada ya mwenyewe, si ya aliyeliiba. Kiti kinabaki upande kiliko mpaka ile athari iliyolihamisha iishe, kisha kinarudi nyumbani. Kama ile athari haina mwisho, pole.

Kwa nini Pepo halitolewi kafara?

Hadithi hii nimeisimulia mara nyingi, lakini iache ikae hapa nipumzike.

Sentensi ile haikuwamo. Kijana mmoja, mpole, huketi pembeni na kikombe chake cha kahawa chungu, hana maneno. Siku hiyo ana zimwi dogo la nyota 3 uwanjani. Akapandisha Pepo. Halafu akalitoa Pepo kafara kuita zimwi la nyota 6. Tukasema sawa, kafara moja, kanuni inaruhusu. Akaendelea: "Pepo likiondoka uwanjani kwa sababu yoyote hupungwa, na kiti hubaki. Si ndivyo mlivyoandika?" Akaweka zimwi lake la nyota 3 pale pale, katika ulinzi, likiwa zima. Yaani ameleta zimwi kubwa bila kutoa chochote.

Zamu iliyofuata akarudia na Pepo lake la pili. Na baada ya hapo la tatu. Hakuvunja hata herufi moja. Aliyekuwa anacheza naye alinigeukia mimi, si yeye: "Kaka, mbona wanidhulumu kwa karatasi yako?"

Alikuwa na haki. Kosa lilikuwa langu, mimi ndiye niliyeandika "kwa sababu yoyote" nikajiona nimemaliza. Maneno ya jumla jumla kama hayo, *yoyote*, *kila*, *daima*, ndiyo mahali pa kwanza pa kutazama unapokagua kanuni yako. Chukua kila njia ambayo zimwi laweza kuondoka: kuangamizwa, kurudishwa mkononi, kurudishwa dekini, kufukuzwa nje ya mchezo, kutolewa kafara, kutumiwa kama kijenzi cha Fusion au Synchro au Link. Zipitie moja moja kwa kidole. Nilizipitia baadaye, nikakuta mbili kati ya hizo ni njia ambazo mwenyewe huzichagua na kufaidika nazo. Hizo ndizo zilizofungwa.

Na "mara moja katika zamu" ilitoka wapi?

Kwa kijana yule yule. Toleo la kwanza kabisa lilikuwa linamruhusu mchezaji kulipunga Pepo lake mwenyewe apendapo, na Pepo lilirudi dekini uso chini, tayari kupanda tena. Nilikuwa nimebuni Pepo moja lenye athari fupi: *Likipanda: okota kadi moja.* Unaona lilikokwenda. Akapandisha, akaokota, akapunga. Akapandisha, akaokota, akapunga. Alikuwa na kadi 34 dekini, akaokota 33 katika zamu moja, mkono umemjaa kama muuza magazeti. Mpinzani wake aliondoka, akanunua viazi karai, akarudi, akala, bado hajapewa zamu.

Fupi si dhaifu. Pot of Greed inasema tu okota kadi mbili, na imepigwa marufuku katika mashindano rasmi. Jambo lisilo na gharama likiweza kurudiwa, litarudiwa.

Lakini angalia, "mara moja katika zamu" ina sura mbili, na Yu-Gi-Oh! inazitofautisha. Ya kwanza ni ya *kadi hii*: ukiwa na nakala tatu uwanjani, kila moja ina mara yake, na ikitoka ikarudi inahesabiwa upya. Ya pili ni ya *jina*: ukishaitumia athari ya kadi ya jina hilo, nakala zote zimefungwa mpaka zamu ijayo. Kwenye kadi zetu tunaandika "kwa jina" pale tunapotaka ile ya pili. Kikomo cha kupanda kwenyewe ni kikali zaidi: mara moja katika zamu kwa mchezaji, liwe Pepo gani.

Naandikaje maelezo ya kadi yasilete ubishi?

Hapa nitakaa kidogo.

Tangu 2011 Konami wanaandika kadi kwa utaratibu unaotegemea alama mbili. Kilicho kabla ya nukta pacha ni wakati au sharti. Kilicho kabla ya nukta mkato ni unachofanya papo hapo unapoitangaza athari: kulipa, kutupa, kulenga. Kilicho baada ya nukta mkato hutokea mnyororo (athari zilizotangazwa kujibizana) unapofunguka, na athari ikibatilishwa, ulicholipa hakirudi. Sisi tumechukua alama hizo kama zilivyo. Hii hapa kadi yetu moja, ya Kinyamkera, pepo la kimbunga:

*Likipanda: lenga kadi moja ya mpinzani iliyo uwanjani na utupe kadi moja ya mkononi mwako; irudishe mkononi kwake.*

Soma tena pole pole. Kutupa ni kabla ya nukta mkato, kwa hiyo mpinzani akijibu na kukubatilisha, kadi yako imekwenda. Ukiihamisha alama hiyo mbele kidogo, umebadilisha bei ya kadi nzima.

Halafu kuna -ki- na -po-. Katika mazungumzo, "ukifika nipigie" na "utakapofika nipigie" kwa mama mzazi ni kitu kimoja, asipopigiwa atakasirika vile vile. Kwenye kadi haziwezi kuwa kitu kimoja, kwa sababu mchezo wenyewe unatofautisha tukio ambalo lazima liwe *la mwisho kutokea* na tukio ambalo limetokea tu, hata kama kingine kimelifuata. Athari ya hiari ya namna ya kwanza hukosa nafasi yake ikiwa mnyororo umeendelea na jambo jingine. Basi tumepatana: *linapopanda, waweza* ni ile inayoweza kukosa nafasi, na *likipanda* ni ile isiyokosa. Mwalimu wa sarufi anaweza kutuchapa, ila barazani imenyamazisha watu wengi.

"Waweza kuokota" ni hiari. "Okota" ni lazima, hata kama okoto hilo litakumalizia deki.

Na sasa jambo ambalo mimi nalipenda kuliko yote. Kadi za Kiingereza husumbua sana zinaposema neno lao la "hicho kitu", maana hujui ni kadi ipi inayotajwa, lile zimwi au ile ya chini. Sisi tuna ngeli. *Kirudishe* ni kiti. *Lirudishe* ni Pepo. *Irudishe* ni kadi iliyolengwa. *Mrudishie* ni mpinzani. Herufi moja au mbili mwanzoni mwa neno zimefanya kazi ya sentensi nzima. Najua kwa mdomo tunasema "pepo amempanda", si "limempanda". Lakini kwenye kadi tumeshikilia li-, kama methali inavyosema *zimwi likujualo*, ili Pepo lisichanganyike na mchezaji. Anayeleta kadi mpya yenye "amepanda" anarudishiwa.

Pepo liwe na nguvu kiasi gani?

Pima na kadi ambazo kila mtu anazijua. Zimwi la nyota 4 linaingia bila kafara, na hata lile lisilo na athari yoyote, kama Gene-Warped Warwolf, lina nguvu 2000 za kushambulia. Blue-Eyes White Dragon ana 3000 na nyota 8, na wito wake wa kawaida unataka kafara mbili. Pepo limekaa wapi? Linataka zimwi moja, lakini zimwi lenyewe halipotei. Mpinzani anahitaji kadi mbili kusafisha nafasi moja: ya kwanza kupunga, ya pili kukiondoa kiti. Roho mbili hizo lazima zilipiwe.

Kiwango chetu: Pepo lisilo na athari halipiti 2400, lenye athari ndogo 2100, na la kusumbua kama Kinyamkera 1800. Tulianza na 2800 na kwa wiki tatu hakuna aliyecheza kitu kingine, jambo ambalo ni dalili tosha.

Niweke viti vingapi dekini?

Ikiwa Pepo lako linapanda zimwi lolote, usijihangaishe. Ikiwa linachagua, kwa mfano Ruhani letu linalotaka kiti cha ukoo wa Mchawi, piga hesabu. Kwa deki ya kadi 40 na mkono wa kwanza wa kadi 5:

Nakala 3 pekee, una nafasi ya asilimia 34 hivi ya kuanza na angalau moja. Viti 9, asilimia 74. Viti 12, asilimia 85. Ukijaza deki mpaka kadi 60, zile nakala 3 zinashuka mpaka asilimia 23.

Ndiyo maana nawaambia wadogo wasipende deki nene. Hawasikii, wanataka kila kadi nzuri waliyo nayo iingie.

Kadi zenyewe natengeneza vipi?

Kadi ya Yu-Gi-Oh! ni milimita 59 kwa 86, kwa hiyo karatasi moja ya A4 inatoa 9, tatu kwa tatu, na nafasi ya mkasi inabaki. Chapa kwanza kwa rangi nyeusi tu. Usichape rangi mpaka kadi imeshachezwa Ijumaa nne bila kubadilika, utajuta kama mimi. Tia karatasi ndani ya kifuko cha plastiki cha kadi, na nyuma yake weka kadi yoyote ya zamani isiyo na kazi ili ipate ugumu. Hewa ya Mombasa haina huruma: karatasi tupu usiku mmoja inajikunja kama kachri.

Chora picha yako. Usinakili picha wala mgongo wa kadi za kampuni, na usiuze. Na ukila viazi vya ukwaju, nawa kabla ya kushika kadi za watu. Hii nayo ni kanuni.

Naweza kwenda nazo kwenye mashindano?

Mashindano rasmi, hapana. Ni kadi za kampuni tu, na kwa orodha yao. Kwa rafiki, muulize kabla ya kuketi, si baada ya kupandisha.

Mama hataki neno "pepo" nyumbani. Na je, si haramu?

Mimi si shehe, muulize unayemwamini. Ninachoweza kusema ni tunavyofanya: hakuna pesa inayowekwa, wala ya chai, kwa hiyo kamari haipo, na adhana ikiita kadi zinafunikwa zilipo.

Kuhusu jina, mama ana haki na nyumba ni yake. Jina halina kazi ndani ya kanuni. Familia moja ya Tudor wanacheza kanuni hii hii kwa *Mgeni na Mwenyeji*: mgeni anafikia kwa mwenyeji, akiagwa anaondoka, mwenyeji anabaki amechoka, amelala ulinzi. Ni picha nzuri, na pengine nzuri kuliko yetu. Hasara yake ni moja: mgeni na mwenyeji wote ni ngeli ya a-, na mchezaji naye vile vile, kwa hiyo "mrudishe" kwao inaweza kuwa watu watatu. Wamelazimika kutaja jina kila mara, na kadi zao zimejaa maandishi mpaka pembeni.

Kwa nini mnaandika yote haya? Karata tunacheza bila kitabu.

Mnacheza, na mnagombana. Chukua kadi ile ya mtaani, ya "niko kadi". Ukiwekewa mbili unaokota mbili, ukiwekewa tatu unaokota tatu, ree inazuia. Haya, naweza kuijibu mbili kwa mbili nyingine ili wa tatu aokote nne? Uliza Kisauni, uliza Bondeni, halafu uliza binamu yako wa bara. Karata ya kawaida inavumilia hilo kwa sababu kadi ni 52 na kila mtu amezishika tangu utotoni. Aina mpya ya zimwi inakutana na maelfu ya kadi ambazo wewe uliyeibuni hujawahi kuziona.

Tukibishana katikati ya pambano?

Aamue mtu wa tatu asiyecheza, hapo hapo, na uamuzi wake unasimama mpaka pambano liishe hata kama amekosea. Kanuni haibadilishwi usiku ule ule. Inaandikwa, inalala, inajadiliwa Ijumaa ijayo wakati hakuna mwenye zimwi uwanjani. Aliyekuwa anashindwa na aliyekuwa anashinda wote huwa wakweli zaidi wiki moja baadaye.

Nimekutana na jambo ambalo halimo hapa.

Niandikie, lakini usiandike "Pepo halifanyi kazi". Nitajie zamu ilikuwa ya nani, awamu ipi, kadi zipi zilikuwa uwanjani na katika mkao gani, nani alitangaza nini kwanza, na mnyororo ulikuwa na viungo vingapi. Mfano mzuri ni huu ulioletwa wiki jana na ambao bado haujajibiwa: zamu ya mpinzani, awamu ya vita, Pepo langu lashambuliwa na zimwi lenye nguvu zaidi. Linapungwa, kiti kinabaki katika ulinzi mahali pale pale. Lile zimwi lililoshambulia limeshamaliza shambulio lake, au kwa kuwa idadi ya mazimwi upande wangu haijabadilika, lakigeukia kiti? Kwa sasa tunacheza kwamba limemaliza. Mwenzetu wa Likoni hakubali, na Ijumaa hii atakuja mapema.